Namba Saba na Kona ya Shali Yangu

Mimi sikuomba kuandika. Katibu wa chama chenu cha wakusanya vigari ndiye aliyenifuata mpaka mlangoni, hii mara ya tatu, anataka nieleze maisha ya mume wangu kwa ajili ya jarida lenu. Nikamwuliza kwa nini asimwulize mwenyewe, yuko hai, yumo sebuleni, na masikio anayo. Akasema alishamwuliza, akaletewa kurasa nne zinazohusu matairi. Hilo naliamini. Akasema pia kwamba kwa karatasi mwenye mkusanyiko ni mimi. Hilo nalo ni kweli, mtaona lilivyokuja. Mwisho akajitolea niseme yeye aandike. Nikakataa. Herufi nilijifunza nikiwa mtu mzima, kwenye darasa la jioni baada ya kazi, na zimenitoa jasho. Simpi mtu azichezee. Zikienda upande, someni hivyo hivyo.

Na mjue mapema kwamba siandiki kwa kupenda sifa. Kuna kigari chetu kimoja kimepotea, chenye namba saba mlangoni, nami nakitaka. Nyinyi ndio mnaoshikashika vigari vya watu. Kwa hiyo mtasoma mpaka mwisho.

Mume wangu alikuwa mtunza ghala wa kampuni ya mafuta ya injini, miaka thelathini na mmoja. Jina la kampuni silitaji, wametutosha. Kazi yake ilikuwa kupokea mapipa, kupanga mapipa na kutoa mapipa. Aliingia kwa geti la nyuma, la malori, akatoka kwa geti hilo hilo. Ofisi kuu ilikuwa upande wa mbele, ina mlango wa kioo unaofunguka wenyewe ukiukaribia, na yeye kila siku ya kazi aliusikia ukifunguka kwa ajili ya watu wengine. Mapipa yakampinda mgongo. Alipostaafu wakampa saa ya ukutani. Ilikuja bila betri.

Mtu wa namna hiyo mngetegemea aichukie kampuni. Yeye aliipenda kama mtu anavyopenda timu inayofungwa kila wiki.

Mambo yalianza hivi. Kampuni ilikuwa inadhamini magari ya mashindano, huko na huko. Magari yenyewe hatukuyaona ila kwenye kalenda. Mwaka mmoja ikaleta vigari vidogo vya kugawia wateja wakubwa, mfano wa gari la mbio, vimepakwa rangi za kampuni: kijani kibichi, mistari miwili ya njano ubavuni, na duara jekundu kwenye boneti. Kimoja kikafika kimevunjika gurudumu, kikawa cha kutupwa. Akakitia mfukoni, akaja nacho nyumbani, akang'oa kifungo cha shati lake la kazi akakifanya gurudumu. Shati nililolishona mimi. Ugonjwa ukamwingia siku hiyo.

Wengine kati yenu hukusanya magari ya aina moja, au ya dereva mmoja. Yeye alikusanya sare. Gari la mbio lenye tairi wazi, lile la kukimbia kwenye vumbi, basi dogo la mafundi, hata lori la kubebea matairi, hayafanani hata kwa dawa, kila moja na baba yake, lakini yote yamevaa kijani na njano na duara jekundu. Nikimwuliza haya ni ndugu kivipi, ananiambia mdhamini wao mmoja. Nikamwambia hata sisi na majirani tunakunywa maji ya bomba moja, mbona hatujapangwa kwenye rafu? Alikuwa pia na habari yake ya moja kwa arobaini na tatu. Maana yake ukikikuza kigari mara arobaini na tatu unapata gari lenyewe la kweli. Nikamwambia kama mambo ni ya kukuza, aanze na jiko langu.

Alivipata kwa madereva wa malori wanaokwenda mbali, kwa barua, kwa kubadilishana na watu kama nyinyi. Vikafika ishirini na vitatu. Vikakaa sebuleni kwenye rafu ya kioo, usawa wa macho, mahali ambapo watu wenye akili huweka picha za watoto. Picha za watoto zilihamia chumbani. Mimi nilivifuta vumbi kila Jumamosi kwa brashi laini aliyoniletea, na sikuruhusiwa kukiinua hata kimoja. Hili la kutokuinua mlishike. Nami sikuwa na hamu. Wageni nikiwaambia, nawaambia ni takataka za bwana, na siku akitangulia zitamfuata.

Miaka hiyo tuliishi na wifi yangu, dada yake, fundi cherehani. Niseme kweli, tulipatana kuliko nilivyopatana na kaka yake. Redio moja, sabuni moja, umbea mmoja. Kisha nguo zikaanza kuliwa. Kona ya pazia la sebuleni, imetoka kipande kama kidole gumba. Bitana ya koti langu. Sketi ya shule ya binti yetu, ndani ya pindo. Mwanzo nikasema ni panya, nikatega mtego, mtego ukashika kidole changu cha mguu. Lakini panya gani anayekata mraba? Na mwenye mkasi nyumba ile alikuwa mmoja.

Nikavumilia mpaka siku ya shali. Ilikuwa shali ya zambarau yenye uzi wa fedha, aliyonipa mama yangu siku naolewa. Pindo lilikuwa limefumuka, nikampa wifi alishone. Akamaliza, akaikunja, akaiweka kwenye kiti cha sebuleni. Nilipoikunjua, pindo safi, kona haipo. Nikamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa, na si kwa sababu sijui herufi zake. Yeye alijibu mara moja tu.

"Wifi," akasema, "mkasi wangu hukata nilichoambiwa."

Akapakia cherehani kwenye mkokoteni, akaenda kupanga chumba upande wa pili wa mji. Miaka kumi na mmoja sasa. Salamu tunatumiana kwa watoto, na watoto wanazisahau njiani. Bwana siku hiyo alikuwepo sebuleni, anapangusa vigari. Hakusema kitu. Nikaona huo ni uungwana.

Baada ya yeye kustaafu, kampuni ikatimiza miaka hamsini. Wakasikia habari za rafu yetu, nadhani kwa mmoja wenu. Akaja afisa uhusiano, kijana wa suti ya kubana, akavisifu vigari kwa majina yasiyokuwa yao, akaomba kuviazima wiki mbili vikapambe mapokezi. Nilimwona mume wangu akinyooka. Mgongo ulioshinda dawa zote ulinyooka kwa neno "mapokezi". Alijua watamwalika. Akaniomba nimpigie pasi suti yake ya harusi, akaitundika mlangoni. Ikakaa wiki mbili. Ikakaa mwezi. Sherehe tukaiona gazetini. Akipiga simu anaambiwa, tutakupigia, mzee. Akaenda mwenyewe, na kwa mazoea miguu ikampeleka geti la nyuma. Mlinzi akamwambia hana kibali, akarudi.

Kufika mwezi wa tano tangu viazimwe, alikuwa anakaa mbele ya rafu tupu kama mtu anayetazama runinga iliyozimwa. Chai inapoa mkononi, chakula anakionja tu. Nikamwambia, si ni vigari tu? Akasema ndiyo, ni vigari tu, kwa sauti ambayo sikuipenda.

Asubuhi yake nikavaa koti, nikachukua kikapu cha nguo, nikakitandika taulo, nikaenda. Mlango wa mbele. Ulifunguka wenyewe, haukuniuliza kitu.

Vilikuwa pale, ndani ya kabati la kioo lenye taa. Chini yake kibao. Nikakisoma herufi moja moja, mimi nina haki ya kuchelewa: MKUSANYIKO WA KAMPUNI. Nikarudia, labda macho. Hayakuwa macho.

Msichana wa mapokezi akaniuliza nina miadi na nani. Nikamwambia na kabati. Akaitwa kijana wa suti. Kijana akamwita mkubwa wake, mama mtu mzima mwenye miwani ya mnyororo. Kijana akaeleza kwamba hakuna karatasi yoyote ya kuazima, na kwamba vigari vina rangi za kampuni na jina la kampuni, kwa hiyo...

"Mume wangu naye alivaa sare ya kampuni miaka thelathini na mmoja," nikamwambia. "Jioni alikuwa anarudi kwangu."

Yule mkubwa akafinya mdomo, sikujua anacheka au anakasirika. Akaniuliza kwa adabu, mama, utathibitishaje? Nikamwambia akitoe cha kwanza kushoto. Gurudumu la nyuma ni kifungo cha shati, matundu manne, na uzi wa bluu bado umo. Akafungua kabati, akakitoa, akakigeuza apate mwanga. Kifungo kilikuwepo. Lakini mimi sikuwa natazama kifungo tena. Tumboni mwa kigari palikuwa pamegandishwa kwa gundi kipande cha nguo, mraba, kama kidole gumba. Maua ya rangi ya machungwa juu ya rangi ya maziwa. Pazia langu.

Nikamwambia ageuze na cha pili. Kitambaa changu cha meza. Cha tatu, sketi ya binti. Foronya. Gauni la mtoto wa kwanza. Kila alichogeuza nikamwambia nguo ile ilikaa wapi, ilikatwa kona ipi, na nani alisingiziwa. Zote nguo nzuri, hakuna kuukuu hata moja. Kufika kwenye cha saba au cha nane tukakuta bitana nyeusi yenye nukta, nami koti lenyewe nilikuwa nimelivaa. Nikalifungua hapo hapo mapokezi. Yule mama akakichukua kigari, akakipachika tumbo kwenye tundu la bitana. Kipande kikajaa tundu, hakikuzidi wala kupungua.

"Basi, mama," akasema, "ni vyako."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakunionya kwamba kinaweza kula nguo zenyewe. Nilikwenda kudai mali ya mume wangu, nikakuta ni mali yangu. Na karatasi ya kukabidhiwa ikaandikwa hivyo, nikatia sahihi yangu, herufi zote. Ndiyo maana katibu wenu ananiandama mimi.

Nikavipanga kikapuni. Ishirini na viwili. Namba saba hakikuwepo. Kijana akaangalia viatu vyake. Kumbe siku ya sherehe mgeni mmoja mheshimiwa alikisifu, wakampa zawadi. Mgeni gani? Wageni walikuwa mia mbili, na kila mmoja mheshimiwa.

Nyumbani bwana alivirudisha kwenye rafu kimoja kimoja. Nikamwacha amalize. Kisha nikakiinua cha kwanza, mara yangu ya kwanza kukiinua kwenye rafu ile, nikakigeuza mbele ya macho yake.

"Malori yakipita barabarani rafu inatetemeka," akasema. "Vinateleza."

"Na matambara yote yaliyojaa nyumba hii?"

"Matambara yanatoa nyuzi, mama watoto."

"Shali yangu iko wapi?"

"Namba saba."

"Na dada yako?"

Akapangusa kigari kilichokuwa safi. "Nilidhani mtapatana kabla gundi haijakauka."

Hayo ndiyo maisha ya mume wangu, katibu. Mtu mpole, hajapata kumsukuma mtu, na kwa upole huo huo wanawake wawili hawasemezani miaka kumi na mmoja. Msiandike kwamba hana baya. Andikeni pia kwamba jioni ile alikula chakula chote, akaomba kuongezwa, nami nikamwongeza huku nimenuna.

Kesho yake nikamvisha ile suti ya harusi, kwa kuwa ilikuwa na pasi tayari, nikamtuma kwa dada yake akaungame. Akaungama. Wifi akamsikiliza mpaka mwisho, akamaliza na mshono wake, akamwuliza miaka yote hakuwa na mdomo, leo kauokota wapi? Akasema nimemtuma kwa huruma ya uzee, na yeye hali huruma. Nikampelekea kigari cha pazia kwa mkono wa binti. Akakirudisha. Kwa pazia hakugombezwa, alisema. Aligombezwa kwa shali. Siku atakapoiona ile kona kwa macho yake mwenyewe, atakuja kwa miguu yake. Asipoiona, yeye ni mwizi wa mkasi, ameshazoea.

Ningekwenda mwenyewe. Msidhani siendi kwa kiburi, ni magoti mabovu. Kiburi ninacho, lakini si cha kunizuia kupanda ngazi za chumba chake. Ila nifike mikono mitupu, niseme nini? Nilimwita mwizi nimeshika shali mkononi. Siwezi kumwita mkweli nimeshika hewa.

Shali ninayo, nimeitoa kabatini, iko kwenye kiti kile kile. Inasubiri kona yake.

Sasa zamu yenu. Mmoja wenu anacho, au anamjua mwenye nacho. Ni gari lile la kukimbia kwenye vumbi, kijani, mistari miwili ya njano, duara jekundu, namba saba mlangoni, kioo cha pembeni cha kushoto kimekatika. Usinitumie pole wala pongezi. Weka jarida chini, nenda kwenye rafu yako, ukigeuze. Ukikuta zambarau yenye uzi wa fedha, usiibandue, usiioshe, na usipige picha ukaja kunionyesha picha. Kilete chenyewe. Nyumba yetu ina mlango mmoja tu, nao ni wa mbele. Na usimpe bwana. Nipe mimi, mkononi.