Istikhara ya Familia Nzima

Nilipomaliza chuo, shule moja ya Muyinga iliniita kufundisha fizikia. Baba, ambaye ni fundi cherehani hapa Gitega, alitaka nibaki naye. Macho yake yamechoka, na mimi ndiye mtoto wake pekee anayejua kukata kitambaa. Nilitakiwa kuchagua kabla ya muhula uliofuata kuanza.

Mama aliniambia niswali istikhara: rakaa mbili, kisha dua ya kumwomba Mungu anichagulie lenye kheri. Nilikubali ili tusibishane. Asubuhi nilikuta wote wamekaa mbele ya chai wakinisubiri, kama vile natoka safari.

"Uliona nini?" mama akauliza.

"Mi sikuota kitu, mama."

"Ata kidogo?"

"Huyu," kaka yangu akasema, "ata malaika akimutokea, atamuomba kitambulisho kwanza."

Basi mama akaswali kwa niaba yangu, akaniota nimeshika mkasi. Shangazi, anayeishi peke yake Muyinga, akapiga simu: yeye aliniota nimesimama mbele ya watoto. Sikucheka, ila niliona kwamba kila ndoto ilinivuta kuelekea nyumba ya aliyeiota.

Nikatafuta tafsiri ya dua yenyewe, maana nilikuwa nimeisema kwa Kiarabu bila kuielewa. Haikutaja ndoto popote. Iliomba kwamba jambo likiwa jema lisogezwe karibu, likiwa baya niepushwe nalo, na mwishoni niridhishwe na lile lenye kheri. Kuridhika, angalau, ni kitu ambacho mtu anaweza kukichunguza. Nikaenda Muyinga, nikamwomba mkuu wa shule anipe darasa kwa siku chache.

Siku ya kwanza nilieleza atomi. Msichana mmoja kutoka Gashoho akainua mkono.

"Mwalimu, we uliiona na macho yako?"

"Hapana."

"Sasa unaaminije?"

Darasa likaangua kicheko, nami nikafurahi mno. Kipindi chote kilichobaki tulilitafuta jibu lake. Lakini nikirudi kwa shangazi nilijishuku: huenda nilikuwa nimelewa sifa tu. Nikaswali tena, nikasubiri siku mbaya inipime.

Ilikuja upesi. Mvua ilipiga mabati hadi sauti yangu ikapotea, wanafunzi wakanakili mazoezi ubaoni huku wengine wakisinzia, na hakuna aliyeuliza lolote. Nilitoka nimechoka, vumbi la chaki kooni, na bado njiani nilikuwa nikipanga jinsi ya kulifundisha somo lile upya. Ile furaha ya kwanza sikuiamini. Uchovu huu niliuamini.

Nikampigia baba simu, nikamwambia nataka kubaki Muyinga. Nilisikia cherehani ikisimama.

"Na mi nitakatiwa vitambaa na nani?"

Nikamwambia tu kwamba nimeswali, na moyo umetulia huku.

"Baki," akasema. "Ila usimubebeshe Mungu. Sema ni we unataka."

"Ni mi nataka, baba."

Nikasikia akianza tena kushona. Kisha akasema likizo nirudi kukata sare za shule, maana msimu huo kazi huwa nyingi, nami nikasema ndiyo kabla hajamaliza.