Mama Mapasa wa Soko la Zamani

Mama Tshibola alikuwa na sauti ya kuuzia samaki. Watu wa Kolwezi wa rika langu mnaijua sauti hiyo: inakuvuta kutoka ng'ambo ya barabara, inakutukana kidogo kwa kupita bila kununua, na mwishowe unaondoka na samaki ambaye hukuwa na haja naye. Mimi Numbi niliuza mboga ya lengalenga kwenye meza iliyopakana na yake, na nimecheka naye kuliko nilivyowahi kucheka na mume wangu.

Soko letu lilijengwa na Wazungu wa zamani: matofali mekundu, bati juu, meza za saruji safu kwa safu. Baadaye tukahamia soko jipya la wazi, na jengo likaachiwa popo. Kampuni ya shaba ilipoanza kuyumba na mishahara ikakatika, Jeancy, karani aliyekuwa hana tena kazi ya kuendea, akaja na wazo la kuligeuza nyumba ya michezo ya kuigiza. Tulimcheka sana. Nani aache kutafuta unga wa bukari aende kutazama watu wazima wakijifanya? Lakini Jeancy ni mkaidi, na mimi wakaidi nawapenda. Meza za saruji ziliishinda nyundo, basi akatandika mbao juu ya safu ya meza za samaki na kuifanya jukwaa. Mpaka leo mvua ikinyesha jukwaa hilo linanuka samaki, na asiyependa akae kwake.

Alipotafuta mtu wa kuigiza mama mkwe mkorofi, Jeancy hakuhangaika. Mama Tshibola alipanda juu ya meza yake mwenyewe, na kila Jumapili baada ya misa ukumbi ukawa unajaa hadi mlangoni.

Kisha ikaja miaka ile mibaya. Wakubwa walisema Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, wamekula kazi za watu wa Katanga, mkoa wetu, na vijana wakaanza kupita nyumba hadi nyumba wakiwafukuza. Familia zilizoletwa mgodini tangu enzi za mababu zililala kituoni juu ya magodoro yao zikingoja treni ya kuzipeleka Kasai, na watoto walikuwa wakifia palepale. Mama Tshibola alikuwa wa familia hizo. Alikuwa mjane, mwenye mapacha wawili wa kike waliokuwa bado shule ya msingi.

Jumapili moja Jeancy alimkuta nyuma ya pazia akijifunga kitambaa cha mama mkwe. Jeancy alikuwa amesikia kwamba vijana watakuja kumtoa, akamsihi ajifiche.

"Jeancy, mi banizalia apa Kolwezi," Mama Tshibola akamjibu. "Ku Kasai siyuwe ata njia ya ku mayi. Nikikimbia leo, kesho batanikuta ku nyumba na batoto. Afazali banikute mbele ya bantu."

Wakaja kweli, mchezo ukiwa katikati. Waliingia na fimbo, na aliyewatangulia alikuwa kijana mmoja wa mtaa wa Kapata aitwaye Kabange. Hapo ndipo walipokosea. Kwetu Waluba, wa Katanga na wa Kasai, jina hilo, kwa matamshi ya huku au ya kule, hupewa pacha wa pili.

"Mama Tshibola, michezo imekwisha," Kabange akasema. "Shuka. Treni iko inakungoya."

Mama Tshibola hakushuka. Alishika kiuno, akamtazama, akaanza kuimba nyimbo za mapacha. Ambaye hazijui nyimbo hizo, amwulize bibi yake, maana mimi siwezi kuandika hapa yale aliyoyasema kuhusu baba za vijana wale na walichobeba ndani ya suruali. Mama mapasa, yaani mama wa mapacha, ana ruhusa. Akikuimbia matusi hukasiriki, wala humgusi, ukimgusa unajitafutia mkosi. Unacheka, unampa chochote ulicho nacho, yanakwisha. Na mama mwingine wa mapacha akiusikia wimbo, sharti aitikie, hata awe msibani.

Katikati ya ukumbi akasimama Mama Fidélie, aliyemzaa Kabange. Hakukosa Jumapili hata moja. Akaitikia kwa ubeti mchafu zaidi, akicheza, akisogea mbele polepole, mpaka akawa uso kwa uso na mwanawe.

"Kabange! Banakutuma weye, mutoto wa mapasa, ukuye kufukuza mama mapasa? Njo mi nilikulea ivyo? Mupatie kitu!"

Ukumbi mzima ulikuwa ukicheka. Kabange alijipapasa mifukoni, hakuwa na kitu. Wenzake walikuwa wameanza kurudi nyuma mmoja mmoja. Mwishowe akaiweka fimbo yake jukwaani, miguuni pa Mama Tshibola.

"Aksanti, mwana," Mama Tshibola akamwambia. "Tutapikia bukari."

Na mchezo ukaendelea hadi mwisho, jamani, bila kuruka hata neno.

Mama Fidélie hakumwacha Mama Tshibola arudi kwake. Alimchukua yeye na watoto, akawaweka nyumbani kwake Kapata mpaka mambo yakatulia, na ndiyo maana Mama Tshibola yuko Kolwezi hadi leo na bado anatutukana kila Jumapili. Jioni ile walikwenda kwa miguu, mama wawili wakiimba matusi yale katikati ya barabara, na vijana waliosimama njia panda wakainamisha macho na kuwapisha. Mimi nilifuata nyuma nimewashika watoto mikono. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Tulipopita kituoni nikashindwa, nikalia, kwa sababu akina mama walikuwa wamejaa pale na magodoro yao, na wengi wao walikuwa wamezaa mtoto mmoja mmoja, wala hawakuwa na wimbo.