Matone Mawili Usoni pa Baba Mdogo

Chekeni kwanza mmalize, jamani, maana mwisho wa haya hata mke wangu nilimficha. Mimi ndiye niliyemdondoshea maiti damu ya pua, mbele ya ukoo mzima, kule Buganguzi, enzi za Mwingereza.

Nilikuwa nafanya kazi ghala la kahawa Bukoba, vumbi la maganda likiniziba pua kila siku, na nikipandisha maji matupu kuisafisha yananichoma hadi kisogoni. Mama Koku, mke wa baba mdogo (ndiye aliyenilea), akanifundisha kuchemsha maji, kuyapoza na kutia chumvi kidogo. "Yaonje," alisema. "Pua inataka maji yenye ladha ya machozi. Mengine yote yanaichuna." Na kweli, hayo yalipita bila kuuma.

Basi baba mdogo akafa ghafla, jioni kala ndizi za mkewe vizuri tu, asubuhi hakuamka. Nikadandia lori, nikafika pua imeziba kabisa, na mimi ndiye niliyepangiwa kuongoza sala. Kuchemsha maji na kungoja yapoe nikaona uvivu. Kule migombani palifichwa chupa ya pombe ya moshi (ile aliyoipiga marufuku bwana shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya), nikajiambia, kama inasafisha kidonda, itashindwa pua? Nikaivuta puani. Mawe! Niliona nyota mchana, kisha pua ikafa ganzi, sikusikia tena harufu ya majani mabichi yaliyotandikwa sakafuni, wala ya maiti.

Ndani ya msonge mlikuwa giza ingawa jua lilikuwa juu. Niliinama kumuaga, nikanyanyuka, na shangazi, dada wa marehemu, akapiga ukunga.

"Anatoka damu! Ndugu yangu anasema!"

Kweli, uso wa marehemu ulikuwa na damu, na kwetu maiti akitoka damu husemwa anamtaja aliyemuua. Watu walirudi nyuma hadi ukutani. Shangazi akamnyooshea kidole Mama Koku: "Mwulizeni huyu alimpikia nini!" Mama Koku alinitazama mimi, na wanaume wawili wakamshika mikono.

Ndipo nikaona shati langu limelowa.

"Ni yangu!" nikapayuka. "Damu ni yangu, waitu, ndugu zangu, nimesafisha pua kwa moshi!"

Mkungu, mkubwa wa kijiji, akanisogelea, akaninusa. "Ananuka kama mtungi," akasema. Mmoja akacheka, wakacheka wote, hata shangazi na machozi yake. Sala nikanyang'anywa, Buganguzi wakaniita Pua mpaka leo, na Mama Koku akaachiwa.

Tangu siku hiyo hakipandi kitu puani mwangu ila maji ya chumvi, na nayaonja kwanza.

Lakini kuna jambo. Nilipopewa kitambaa nifute uchafu wangu, matone yalikuwa mawili. La kwenye paji la uso lilikuwa jekundu, hilo langu. La pili lilitoka ndani ya tundu la pua ya marehemu, nalo lilikuwa jeusi. Mganga wa zahanati aliniambia baadaye kwamba maiti huweza kuvuja hivyo yenyewe, na mchana huwa namwamini. Lakini pale pale kwenye maiti, Mama Koku aliinama karibu yangu kana kwamba anamlilia mumewe.

"Futa vizuri, mwanangu," akaninong'oneza.

Nikafuta. Ila chakula chake, Mungu anisamehe, sikukigusa tena mpaka tunamzika yeye mwenyewe.