Walivyonunua mashine ya fluoroscopy ili kumshinda jirani, Hajati akiwa kitandani na nyonga iliyovunjika

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioamka vizuri na mlioamka na hasira kama mimi.

Habari hii nimeiona kwa macho yangu, sikusimuliwa. Majina nimebadilisha na kliniki siitaji, maana bado ndipo ninapopata ugali wangu. Wa Kampala akiitambua, acheke kimoyomoyo aendelee na safari yake.

Mimi ni nesi, Mkenya wa Busia. Nimekaa Kampala hadi nikirudi nyumbani wananicheka nikijibu "kale" badala ya "sawa". Nafanya kazi kwenye kliniki ya binafsi yenye ghorofa moja. Chini kuna mapokezi, maabara na chumba cha eksirei. Juu kuna wodi na thieta ya upasuaji. Lifti hakuna.

Hilo la lifti mlishike vizuri, maana waliopaswa kulishika hawakulishika.

Sasa, mwenye nyumba wangu ni mama mmoja Mnubi, Hajati Zaituni. Ana duka la jumla Kisenyi, anauza majani ya chai na viungo. Ni mtu mzima, lakini ukimkuta anabishana na wenye malori utadhani ana miaka thelathini. Kiswahili chake ni cha Kinubi: "anakuja" na "inakuja" kwake vyote ni "nakuja". Siku moja alipanda stuli kushusha katoni ya majani, stuli ikamtupa. Nyonga ikavunjika.

Bintiye, Mariamu, akamleta kwetu kwa sababu mimi nipo. Nikaona ni heshima. Subirini muone heshima yenyewe.

Nyonga ya mtu mzima haitaki kungoja. Akilala sana mgongo unachubuka, kifua kinajaa, damu inaganda mguuni. Anatakiwa afanyiwe upasuaji mapema, awekewe chuma, ainuke. Na kuweka chuma kile daktari anahitaji fluoroscopy. Kwa asiyejua, hiyo ni eksirei inayoonyesha picha mfululizo kama video. Daktari amefungua, anasukuma chuma ndani ya mfupa, huku anatazama kwenye skrini chuma kinaelekea wapi. Bila hiyo anapapasa gizani.

Sisi hatukuwa nayo. Director akamwambia Mariamu, "Usimhamishe mama, mashine yetu iko njiani."

Mashine haikuwa njiani. Ilikuwa kwenye mkutano.

Kamati ya kuchagua mashine ilikuwa hivi. Director mwenyewe, daktari wa presha na sukari, mtu wa tai na maneno matamu, ambaye thieta aliingia mara ya mwisho siku ya kuizindua. Mkewe, Madam, anayesimamia hesabu na mapazia. Na shemeji yake Director, tunamwita Injinia, ambaye kazi yake ni kuchimba visima vya maji. Mimi nilikuwepo kuandika minutes na kuagiza samaki wa Ggaba wa kula mkutano ukiisha. Samaki walijadiliwa kwa umakini kuliko mashine.

Aliyekosekana ni daktari wa mifupa, Dokta Nakato, anayekuja kwetu kila Alhamisi. Yaani mtu pekee ambaye angeishika hiyo mashine. Nilipouliza kama tumngoje, Madam akanitazama kama nimemwaga supu.

"Sista, huyo anaitwa siku ya kazi. Hapa tunaamua wenye nyumba."

Basi nikaandika.

Na hoja yenyewe, wakuu, haikuwa mgonjwa. Hoja ilikuwa kliniki ya ng'ambo ya barabara. Wale walikuwa wamenunua C-arm, mashine ya fluoroscopy yenye mkono wa chuma uliopinda kama herufi C, inasukumwa kwa magurudumu hadi ilipo meza ya upasuaji. Tangu siku ile Director hakulala vizuri. Kila akipita getini anaitupia jicho ile kliniki kama mtu aliyeibiwa mke.

Tulienda kwenye godauni ya muuzaji. Alikuwa na mbili. Moja C-arm, imesimama pembeni kimya. Nyingine ni dude la kufunga sakafuni, meza ndefu inayoinama na kuinuka kwa umeme, mnara wa chuma juu yake, skrini kubwa. Ni mashine nzuri, sisemi uongo. Mtu akinyweshwa dawa nyeupe, unatazama inavyoteremka tumboni. Hospitali ya rufaa ingeipenda.

Madam akazunguka C-arm mara moja tu. Akasema, "Haka kana magurudumu kama kiti cha mgonjwa. Wageni watasema tumenunua kiti."

Injinia akaipapasa ile kubwa. "Hii ndiyo mashine. Hii hata tetemeko haiitingishi."

Tetemeko, jamani. Hakuna aliyekuwa amelalamika kuhusu tetemeko.

Mimi nikauliza, "Director, thieta iko juu. Hii itapandaje?"

Injinia ndiye aliyejibu. "Mashine haipandi, Sista. Mgonjwa ndiye anashuka."

Wakacheka wote watatu. Muuzaji naye akacheka, na yeye alikuwa na sababu nzuri kuliko wote.

Nilipotoka pale nikamtafuta Dokta Nakato. Alikuwa Gulu kwenye kambi ya upasuaji, mtandao unakuja na kuondoka. Akanijibu kwa ujumbe: "Ni C-arm. Kama si C-arm, msinunue chochote." Nikampelekea Director simu asome mwenyewe. Alisoma, akatabasamu, akanirudishia.

"Mwambie Dokta asijali. Tumechukua kubwa kuliko C-arm. Hiyo ndogo yake imo ndani ya hii."

Wakuu, huyu ni daktari. Ana cheti ukutani.

Nikamshauri Mariamu ampeleke mama yake hospitali kuu ya Mulago. Akakubali kabisa. Director akasikia, akamwita ofisini, akamwonyesha picha za mashine kwenye simu, akamwambia mama yake ndiye atakuwa mgonjwa wa kwanza. Binti akatoka amelainika. Ningekuwa na uwezo ningembeba Hajati mgongoni mwenyewe.

Maana huku juu mambo yalikuwa yanaharibika. Alianza kukohoa. Mgongo ukaanza kuwa mwekundu, nikawa namgeuza kila nikipata nafasi, na kumgeuza kwenyewe kunamuuma mpaka anauma shuka. Chakula akakipunguza. Nilikuwa naogopa, nasema wazi. Nimeona wazee wakiondoka hivyo, kidogo kidogo, huku watu wako kwenye mikutano.

Kila asubuhi ananiuliza, "Sista, hiyo mashine nakuja lini?"

"Karibu, Hajati."

"Natembea na miguu ama?"

Nilikuwa nacheka ili nisilie.

Mashine ikaja, ikafungwa chini kwenye chumba cha eksirei, boliti ndani ya zege. Mnadhani Hajati akafanyiwa upasuaji? Hapana. Kwanza uzinduzi. Kampala hatuwashi hata friji mpya bila hema, MC na mgeni rasmi. Mgeni rasmi akasema hana nafasi mpaka mwisho wa wiki, basi nyonga ya mtu ikasubiri diary ya mtu mwingine.

Siku ikafika. Hema, viti vimevalishwa vitambaa, maputo, keki yenye umbo la mashine. Mchungaji wa Madam akaiombea. Injinia akavuta waya kutoka chumba cha eksirei hadi skrini kubwa hemani ili wageni waone "teknolojia ikifanya kazi moja kwa moja". Na teknolojia inahitaji mgonjwa.

Nikakataa. Director akaniambia Mariamu amekubali, na ni kweli alikuwa amekubali, alidhani ndiyo matibabu yanaanza. Tukamteremsha Hajati kwa machela kwenye ngazi, watu wanne. Kila ngazi anaguna. Kwenye kona machela iligonga ukuta, akanishika mkono akaubana, sikuutoa.

Tukamlaza kwenye meza. Fundi wa eksirei akafunga mlango, tukasimama nyuma ya kioo cha madini ya risasi, kile kinachozuia miale. Picha ikatoka. Na ilitoka safi kweli: nyonga ya Hajati imekatika, vipande viwili vimepishana, hata mtoto angeona.

Nje wakapiga makofi.

Wakapiga vigelegele. MC akasema wageni wasimame. Nikaingia ndani kumfunika shuka, Hajati akageuza shingo.

"Sista, huko nje nani naolewa?"

"Hakuna, Hajati. Wameona mfupa wako kwenye skrini."

"Imepona?"

"Hapana."

Akatazama dari. Makofi yalikuwa bado yanaendelea. Akasema polepole, "Basi toa mimi hapa."

Wakati huohuo Dokta Nakato akaingia getini, ametoka Gulu moja kwa moja na begi lake, maana Director alimpigia kwamba mashine tayari na mgonjwa tayari. Kabla hajapumua, MC akamwekea kipaza sauti mkononi aseme machache.

Akatazama skrini, akaitazama ile picha muda mrefu. Akasema, "Nawapongeza. Hii nitaipandishaje thieta?"

Injinia akajibu kutoka mstari wa mbele, kifua mbele, "Dokta, haitoki hiyo. Nimeifunga mwenyewe na zege."

"Na mimi nikiwa juu nimeshafungua nyonga, nitatazama nini?"

Hapo Director akasimama, akakohoa, akatoa jibu ambalo nitazikwa nalo. "Tunapiga picha hapa chini, Dokta, halafu tunakutumia kwa WhatsApp."

Mgeni rasmi akadhani ni utani. Akacheka na kupiga makofi tena, peke yake.

Dokta Nakato hakucheka. Akaweka kipaza sauti kwenye meza ya keki, akaja tulipo, akampima Hajati kifua, akamgeuza akaona mgongo. Uso wake ulibadilika. Akatoa simu, akapiga ng'ambo ya barabara. Kwa wale wenye haka ka-mashine ka magurudumu. Wakasema thieta yao iko wazi, njooni.

Tulitoa machela. Gari la mgeni rasmi lilikuwa limeziba geti na dereva wake yuko kwenye foleni ya chakula, kwa hiyo ambulensi haikuweza kutoka. Tukambeba kwa mikono. Mimi, Mariamu, fundi wa eksirei na askari wa getini. Tukajipenyeza kati ya gari na ukuta, nyuma yetu MC anatangaza keki inakatwa. Askari akasimamisha boda kwa mkono mmoja, tukavuka barabara na Hajati wetu mchana kweupe, wageni wanatutazama na sahani mikononi.

Madam alinifuata hadi getini. Alichoniambia ni hiki: "Sista, si mngepita mlango wa nyuma?"

Nikakaza mkono kwenye machela, tukasonga.

Kule ng'ambo ile C-arm haikuwa hata mpya. Rangi imebanduka, gurudumu moja linapiga kelele. Wakaisukuma hadi kwenye meza, Dokta Nakato akaweka chuma akiangalia skrini ndogo, nami nikasimama pale nimevaa aproni ya risasi ya kuazima. Akasema "imekaa". Nililia nyuma ya barakoa na sioni aibu.

Kifua kilimsumbua Hajati kwa muda, kidonda cha mgongoni kikachelewa kupona. Hivyo viwili ni zawadi ya kamati. Lakini akainuka.

Sasa sikieni mwisho wake.

Juzi juzi alikuja kliniki na fremu yake ya kutembelea, kitenge kipya, Mariamu nyuma yake. Nilidhani amekuja kunisalimia. Akasema anataka kuona ile kitu. Director akafurahi kupita kiasi, akamfungulia mlango mwenyewe, akawasha taa zote. Mashine inang'aa, imefunikwa nailoni, na juu ya ile meza ya umeme Madam ameweka vile vitambaa vya viti vya uzinduzi, vimekunjwa vizuri.

Hajati akaizunguka yote, taratibu, fremu inagonga sakafu ko, ko, ko. Akaigusa. Akainama akatazama boliti. Director anangoja asifiwe.

"Dokta," akamwambia kwa adabu kabisa, "mashine yako iko mzuri sana. Siku yeye naanza kutembea kama mimi, niite."

Akageuka akatoka na miguu yake mwenyewe.

Somo langu ni fupi, maana nina hasira na zamu yangu inaanza. Ukitaka kununua mashine ya hospitali, kwanza muulize mtu atakayeishika, kisha muulize atakayelala juu yake, kisha kapande ngazi za jengo lako ukiwa umebeba machela. Kama bado unataka kujua jirani amenunua nini, basi fungua duka la maputo.

Nyie mlioko mahospitalini, Kampala, Nairobi, Dar, Goma, kokote: mna dude gani kwenu limefungwa na zege na halina kazi? Liandikeni hapa chini, tusaidiane kucheka. Na kama Director wangu anasoma, samaki wa mkutano wa Ijumaa nimeshaagiza.