Brosheti Bila Kitunguu

Leo nimekumbatiwa na mwanamke niliyekuwa nimeshaanza kumchukia.

Tuko likizo Kigali, mimi na mume wangu. Yeye huja huku kikazi, na siku zote huniambia anakula hotelini tu.

Asubuhi tumezunguka mji mpaka miguu ikawaka. Mchana tukaingia mgahawa mmoja Gisimenti kula brosheti, mishikaki yao ya mbuzi.

Mhudumu akaja moja kwa moja, akamkumbatia mume wangu. Taratibu, bila haraka.

Nikanuna.

Mume akacheka. "Mama Aisha, hiyo ni salamu tu ya huku."

Na kweli, dada akanigeukia, akanikumbatia vilevile. "Karibu sana, mama."

Nikaona aibu, jamani. Nikamchekea hadi jino la mwisho.

Kisha akamuuliza mume wangu: "Nilete ile ya kila siku? Brosheti na ndizi, kitunguu hapana?"

Akaitikia kwa kichwa.

Salamu nimeisamehe. Lakini miaka tisa namkatia huyu mtu kachumbari, hajawahi kuniambia hapendi kitunguu.

Sasa ameenda kunawa mikono. Akirudi nianze na lipi, mwanamke au kitunguu?