Vibakuli Vilivyorudi Vitupu

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri. Jina lilianza kwa watoto wa mdogo wake wa kiume, likaruka ukuta likaenda kwa majirani, mwishowe likamganda. Alikuwa mjane. Kwa miaka mingi alipika katika jiko la hospitali, na siku hospitali ilipoikabidhi kazi hiyo kwa kampuni ya nje, yeye na wenzake waliambiwa ahsanteni, wakafungiwa mlango. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa mbali. Basi mdogo wake, fundi seremala, akamwambia, "Dada, chumba cha nyuma kipo. Njoo tule tunachokula." Akaenda na godoro lake na sanduku moja.

Wifi yake, mke wa fundi, alimpokea kwa bashasha. Alikuwa mwanamke wa kauli tamu, anayejua kuvaa na anayejua nani asalimiwe kwanza. Yeye ndiye aliyeleta habari kwamba shule ya watoto wadogo, ile iliyo nyuma ya kituo cha mafuta, inatafuta mtu wa kuwafungia watoto chakula cha mchana. Shule haikuwa na jiko wala ruhusa ya kuwasha moto. Tena wazazi walikuwa wamegombana karibu ya kukunjana mashati kuhusu nyama ipi iliwe na ipi isiliwe, mpaka mwalimu mkuu akakata shauri: chakula kiwe baridi, na kisiwe na kitu chochote kilichowahi kupumua.

"Wifi, wewe una mikono, mimi nina mdomo," alisema mke wa fundi. "Tukiungana si tunapata mtu mzima?"

Wakacheka mpaka wakafutana machozi.

Chakula baridi kina ukaidi wake. Cha moto hujitetea kwa harufu. Cha baridi hakina wakili. Parachichi likikatwa mapema hugeuka rangi ya udongo. Tango huvuja maji likaulowesha mkate. Viazi vya kuchemsha vikilala kwenye friji huwa kama vipande vya sabuni. Shangazi alijaribu, akaharibu, akajaribu tena. Akazoea kulipaka parachichi maji ya limau na kulitoa tango mbegu zake. Maharage aliyaponda na kitunguu, akayapaka kwenye mkate, akaukata vipande vinavyoenea kwenye kiganja cha mtoto. Kulipopambazuka wifi alikuwa amekwisha kujipamba, anapakia vikapu vya vibakuli, kila mtoto na kifuniko cha rangi yake, kwenye pikipiki ya kukodi, huyoo anakwenda shuleni. Alasiri alivirudisha vibakuli, na Shangazi akaviosha.

Yeye hakuwahi kukanyaga shule ile. Watoto aliwajua kwa makombo yao. Kule hospitali alizoea kuisoma sahani ya mgonjwa kabla ya kuiosha, na mazoea hayo hayakumtoka. Mwenye kifuniko cha kijani alikuwa akila mkate na kuacha kingo zake. Mwenye kifuniko chekundu alirudisha mbegu za zabibu zimepangwa mstari, kama askari. Mmoja alikuwa akirudisha kokoto. Huyo Shangazi alimpenda bila sababu. Lakini mwenye kifuniko cha manjano alirudisha kila kitu. Kibakuli kilikwenda kimejaa, kikarudi kimejaa, wiki nenda wiki rudi. Shangazi akambandika jina la Bwana Mgomo.

"Mwache," wifi alisema. "Atakula kwao."

Hakumwacha. Alimbadilishia mahindi kwa njegere, njegere kwa viazi, bure. Siku moja akakumbuka mgonjwa mmoja aliyekuwa akisukuma sahani kila mchuzi ulipougusa wali. Akachukua majani magumu ya kabichi, akayasimamisha ndani ya kibakuli kama kuta, karoti chumba chake, mahindi chumba chake, mkate chumba chake, hakuna kinachomgusa mwenzake. Alasiri ile kibakuli kilirudi kitupu. Shangazi akaketi nacho kwenye kigoda uani, akamwita mdogo wake aje aone.

"Dada, hiki si kibakuli tu?"

"Ni kitupu," alisema. Fundi akamtazama, akaona macho yake yamelowa, akarudi kwenye randa yake.

Mwisho wa mwaka shule iliwaalika wazazi. Shangazi alipiga pasi gauni lake. Wifi alimwona, akasita mlangoni.

"Na nyumba tunamwachia nani, wifi?"

"Nyumba ina kufuli."

Wakaenda. Viti vya plastiki vilipangwa uwanjani, watoto wakaimba, na hotuba zikafuata. Mwalimu mkuu akamwita mke wa fundi mbele, akamtambulisha kuwa "mama wa meza yetu", watu wakapiga makofi. Wifi akashika kipaza sauti kama aliyezaliwa nacho. Akasimulia habari za mtoto mmoja aliyekuwa hali kitu, jinsi yeye alivyokosa usingizi kwa ajili yake, na jinsi siku moja, amesimama jikoni, jani la kabichi mkononi, wazo lilivyomjia. Akaeleza kuta, akaeleza vyumba. Kinamama wengine walijifuta machozi. Shangazi alikuwa akisikiliza maisha yake mwenyewe yakisimuliwa vizuri kuliko ambavyo yeye angeweza.

Baadaye mwalimu mkuu akawapitia kwenye soda. "Na mama huyu?" aliuliza kwa adabu.

"Huyu?" Wifi akatabasamu. "Ni dada wa nyumbani. Ananisaidiasaidia vyombo."

Mwalimu mkuu akaitikia kwa kichwa, akapita. Karibu nao alisimama mtoto wa kike, mwembamba, kibakuli chenye kifuniko cha manjano kimening'inia kwenye mfuko wake. Kumbe Bwana Mgomo alikuwa msichana. Shangazi akainama. "Chakula kilikuwa kitamu?" Mtoto akajificha nyuma ya sketi ya mama yake.

"Msalimie dada," mama yake alimhimiza. Mama mwenyewe alikuwa kijana ambaye Shangazi angeweza kumzaa.

Jioni, mezani, Shangazi aliuliza. Hakupandisha sauti.

"Sikusema uongo," wifi alijibu. "Wewe si dada wa mume wangu? Si unakaa nyumbani? Sasa nimekosea wapi?"

Shangazi akamgeukia mdogo wake. Fundi alikuwa akitafuta kitu ndani ya sahani yake. "Yaishe, dada," alisema bila kuinua uso. "Maneno ya kwenye sherehe hayo." Aliyekuja kudai haki akapewa nasaha.

Akahama. Alipata chumba juu ya duka la mpiga pasi, na kazi ya kuosha vyombo katika bweni la vibarua wa ujenzi. Moyoni alikuwa na hakika. Watanitafuta, alijiambia. Parachichi litageuka udongo, mkate utalowa, vibakuli vitarudi vimejaa, halafu tutaona mdomo unavyokata karoti. Akangoja. Shule ikafunguliwa tena, hakuja mtu.

Alipokwenda kuchukua sanduku lake alilokuwa ameliacha, alimkuta binti wa mdogo wake kwenye sinki, anaosha vibakuli. Shangazi akachungulia, kama aliyepita tu. Vitupu. Vyote vitupu, na cha manjano pia. Ndani yake zilibaki kuta za kabichi peke yake, zimesimama sawasawa.

"Wanakula, wifi," sauti tamu ilisema nyuma yake. "Wala usiwe na wasiwasi."

Akashukuru, akabeba sanduku. Hapo ndipo alipoumia kuliko siku ya sherehe. Kila alfajiri wifi alikuwa amesimama pale mlangoni pa jiko akichana nywele, na yeye akadhani mwenzake anachana nywele tu. Zaidi ya hapo kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu: wiki zile zote alikuwa akiomba watoto wasile. Watoto wale wale. Alikuwa amemwombea njaa mwenye kifuniko cha manjano, na Mungu, kwa rehema zake, hakumsikiliza.

Msimu wa mvua ulipokwisha fundi alipanda ngazi za duka la mpiga pasi akiwa na mfuko wa unga. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Walikuwa wamepata shule ya pili, alisema, na wifi ameajiri wasichana wawili. Wangehitaji mtu wa kuwaelekeza, siku moja tu.

"Yeye mwenyewe anajua."

"Anajua, lakini hana subira ya kufundisha." Akakuna shingo. "Dada, wifi yako hakukusudia."

"Mwiba nao haukusudii kuchoma, mdogo wangu. Lakini anayechechemea ni mimi."

Fundi alikunywa chai, akaosha kikombe mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Pengine ni kikombe hicho kilichomgusa Shangazi, pengine ni aibu ya zile dua zake. Jumamosi Shangazi alikwenda.

Jiko lilikuwa limepakwa rangi mpya. Friji ilikuwa kubwa, na wasichana wawili walisimama wima kama wanaosubiri kukaguliwa. Wifi alimkumbatia, akanukia manukato, akampa kofia ya plastiki ya kufunikia nywele.

"Hapa kwetu siku hizi tunavaa, wifi. Ni usafi."

Akaivaa. Akafundisha kila kitu, hakuficha hata kimoja, na kila alipomaliza hatua, wasichana waliangalia juu ya bega lake, kumtazama wifi kama ameridhika. Wifi aliridhika. Adhuhuri walimkaribisha chakula. Akasema ameshiba, akavua kofia, akaiacha juu ya friji.

Mpaka leo wakikutana msibani husalimiana vizuri, wifi kwa wifi, na hukaa mkeka mmoja. Watu husema wale wawili wanapendana.