Ukoko wa Jibini

Jibini ikianza kuungua kwenye oveni yangu, niliyoinunua kwa jasho langu niliporudi na stashahada ya ughaibuni, nyumba yangu yote hapa Kilakala hunukia kama jiko la mama kule Matombo.

Miaka ile ya uhaba, tulipokuwa watoto, mdogo wangu alikuwa ametoka kuugua surua, amebaki mifupa mitupu, na kila chakula alikikataa isipokuwa ukoko. Shangazi akamjia mama juu.

"Mchape, wifi! Unalea bepari humu ndani!"

"Simchapi. Leo nampikia sufuria nzima iwe ukoko."

Duka la kijiji halikuwa na hata sabuni, lakini masista wa misheni walikuwa wamempa mama makaroni na kipande cha jibini. Aliyachemsha, akayachanganya na maziwa na jibini, akafunika, kisha akapalia makaa juu ya mfuniko. Shangazi akaziba pua.

"Mnapika soksi?"

Mama alipofunua, juu palikuwa pekundu na pakavu. Mdogo wangu akamega kipande, akatafuna, akanyoosha mkono tena. Mama akamsogezea sufuria yote.

"Kula, mwanangu. Tafuna kwa nguvu, shangazi yako asikie."